Ninga wa Bara na Ninga wa Pemba: Juu ya Thamani ya Aina Isiyo na Makao Mengine

Miongoni mwa maswali ambayo elimu ya viumbe huyafikisha mlangoni mwa falsafa na dini, kisha ikayaacha hapo, ni lile linalohusu thamani ya aina. Iwapo viumbe wawili wanafanana kiasi kwamba mpita njia hawezi kuwapambanua, na iwapo mmoja ametapakaa barani ilhali mwenzake amebaki katika kisiwa kimoja tu, je, kutoweka kwa yule wa kisiwani ni hasara ya kweli, au ni pengo ambalo wingi wa yule wa barani unaweza kuliziba? Swali hili halijibiwi kwa kuhesabu ndege, kwa sababu hesabu hueleza wangapi wamebaki, wala haielezi kama kubaki kwao kuna maana. Ndege wawili wa Afrika Mashariki, yaani ninga wa bara ambaye ni mwenyeji wa Masasi na Newala, na ninga wa Pemba, wanafaa sana katika uchunguzi huu, kwa kuwa tofauti yao ni ndogo kiasi cha kulifanya swali liwe gumu, na bado ni ya kweli kiasi cha kulifanya lisiepukike.

Ninga ni njiwa wa mitini wa jenasi ya Treron. Jenasi ni kundi la spishi zenye nasaba ya karibu, na spishi, kwa maana yake ya kawaida, ni aina moja ya viumbe wanaozaana wao kwa wao. Ilhali njiwa wengi huokota nafaka ardhini, ninga huishi juu ya miti na kula matunda, hasa ya mikuyu na jamaa zake, akishika vitawi kwa miguu yenye nguvu hata anapolazimika kuning'inia kichwa chini ili alifikie tunda. Rangi yake humficha katika majani, na sauti yake si mguno wa njiwa wa kawaida, bali ni mfululizo wa miluzi na mikwaruzo, hivyo mara nyingi husikika kabla ya kuonekana. Ninga wa bara, Treron calvus, alielezwa kisayansi na Mholanzi Coenraad Jacob Temminck mwaka 1811, na makao yake yanaanzia Senegali, yanafika Ethiopia, na kushuka hadi Afrika Kusini. Mwili wake ni wa kijani kinachoelekea manjano, bega la bawa lina rangi ya zambarau iliyofifia, mapaja yana manyoya ya manjano, na shina la mdomo lina ngozi nyekundu.

Kusini mwa Tanzania ndege huyu anaishi katika nchi yenye sura mbili. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo ardhi hukatika na kuteremka mamia ya mita hadi bonde la Ruvuma, na Masasi iko magharibi, chini ya uwanda huo, katikati ya milima ya mawe iliyosimama kila mmoja peke yake juu ya tambarare. Juu ya uwanda mvua huzama katika mchanga na kutokeza chini ya ukingo, ndiyo maana kwa vizazi vingi watu wa Newala waliteremka bondeni kuteka maji na kuyapandisha kwa kichwa. Na vichaka vizito vilivyoufunika uwanda huo vimepungua kadiri mashamba ya mikorosho na mihogo yalivyopanuka. Ninga hafungwi na sura hizo mbili wala na mpaka wa Msumbiji, kwa sababu hufuata miti yenye matunda yaliyoiva na kuiacha matunda yanapokwisha. Kwa hiyo ninga wa Newala na wa ng'ambo ya Ruvuma hawana kizuizi cha kudumu kinachowatenga wasichanganye damu.

Ninga wa Pemba, Treron pembaensis, alitambulishwa katika sayansi mwaka 1940 na R. H. W. Pakenham, mtumishi wa serikali ya Kiingereza Zanzibar aliyetumia miaka mingi kuandika habari za ndege wa visiwa hivyo. Tofauti inayoonekana mara moja ni ya rangi: kichwa, kifua na tumbo vimeingia kijivu mahali ambapo mwenzake wa bara ana kijani, ingawa bega la zambarau na manyoya ya manjano vimebaki kama alama ya undugu. Haishi mahali pengine popote duniani isipokuwa Pemba, kisiwa chenye takriban kilomita za mraba 1,000, na ni mmoja wa ndege wanne wa aina hiyo, wengine wakiwa bundi, kinengenenge na chozi wa Pemba. Msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, ndio mabaki makubwa zaidi ya misitu ya asili iliyokifunika kisiwa kabla ya mikarafuu, na ukataji wa miti pamoja na uwindaji umewafanya wataalamu wamhesabu ninga huyu miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka.

Chanzo cha tofauti hiyo kimelala chini ya bahari. Takriban miaka 20,000 iliyopita, wakati maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda katika nchi za baridi, uso wa bahari ulikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko ulivyo leo, na kwa kuwa mlango-bahari wa Unguja si wa kina kirefu, Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Mlango-bahari wa Pemba una kina cha mamia ya mita, hivyo Pemba ilibaki kisiwa hata wakati huo. Watu, lugha na imani vimevuka maji haya mara nyingi: mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kama UMCA aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Unguja hadi Lindi na kuingia nao bara, wakaweka makazi Masasi. Ndege mwenye mabawa, ambaye mtu angedhani bahari si kitu kwake, ndiye aliyetulia upande mmoja kwa muda mrefu kiasi cha kuwa kiumbe mwingine.

Hapa ndipo ugumu wa kwanza wa kifalsafa unapojitokeza, nao ni kama kweli hawa ni wawili. Mwaka 1942 mwanabiolojia Ernst Mayr alitoa maelezo ya spishi yaliyokubalika kwa mapana, kwamba spishi ni makundi ya viumbe yanayozaana yenyewe kwa yenyewe katika hali ya asili na yaliyotengwa kizazi na makundi mengine. Maelezo haya yana nguvu pale ambapo viumbe wawili wanaishi mahali pamoja na bado hawachanganyiki, lakini mbele ya kisiwa yanapwaya, kwa sababu ninga wa Pemba na wa Newala hawakutani, na hivyo asili haijawahi kuwapa fursa ya kuzaana au kukataa kuzaana. Hukumu kwamba wao ni wawili hutolewa kwa kupima rangi, maumbile na nasaba, na hukumu ya namna hiyo hubadilika. Ninga wa Komoro, aliyeelezwa na C. W. Benson mwaka 1960 na ambaye siku hizi anapatikana katika kisiwa cha Mwali pekee, kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa tawi tu la ninga wa Bukini, kisha wataalamu wengi wakamhesabu kuwa spishi kamili, ilhali ndege mwenyewe hakubadilika.

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba spishi ni majina tu ambayo wanadamu wamewabandika viumbe, na kwamba kutoweka kwa jina hakumdhuru yeyote. Charles Darwin, ambaye sura ya kwanza ya kitabu chake cha mwaka 1859 inategemea sana njiwa wa kufugwa ili kuonyesha jinsi aina nyingi zinavyoweza kutoka kwa babu mmoja, alikiri kuwa hakuna mstari thabiti kati ya spishi na matawi yake. Hata hivyo hitimisho hilo linachanganya mambo mawili ambayo lazima yatenganishwe, yaani mpaka na utengano. Mpaka ni kazi ya mtaalamu, naye anaweza kuuchora hapa au pale. Lakini utengano, ambao ni vizazi visivyohesabika vilivyozaliwa, kula na kufa kisiwani bila kuchanganya damu na bara, ulitokea bila kumsubiri mtaalamu, na ungekuwa wa kweli hata kama Pakenham asingaliandika neno. Kinachopotea ninga wa Pemba anapotoweka ni historia hiyo iliyojengeka katika mwili wa ndege, na historia haifutiki kwa sababu tu watu wamebishana juu ya jina lake.

Huko Masasi na Newala, ambako Waislamu na Wakristo huishi mtaa mmoja na mara nyingi katika ukoo mmoja, msomaji atauliza maandiko yanasemaje. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kuwa viumbe viliumbwa kila kimoja kwa jinsi yake, na Kurani, katika aya ya 38 ya Sura ya Al-An'am, inafundisha kuwa wanyama na ndege nao ni jumuiya zinazofanana na jumuiya za wanadamu, na kwamba marejeo yao ni kwa Mola. Wako waliosoma mafundisho haya kana kwamba yanadai aina zisizobadilika tangu siku ya kwanza, na kwa usomaji huo ninga aliyegeuka kijivu kisiwani angekuwa kikwazo cha imani. Lakini mafundisho yenyewe yanabeba jambo lililo zito zaidi ya namna aina zilivyotokea, nalo ni kwamba jumuiya ya viumbe ina hadhi mbele ya Muumba isiyotegemea kama mwanadamu ameitambua. Al-Jahiz wa Basra, mwandishi wa karne ya 9 ambaye kitabu chake kikubwa cha wanyama kina kurasa nyingi sana juu ya njiwa, alishikilia kuwa hekima ya Mungu husomeka katika kiumbe kidogo sawasawa na katika kikubwa; na anayeshikilia hivyo hawezi kusema kuwa kilicho kidogo, au kilicho kwao mahali padogo, ni cha ziada.

Hoja iliyo karibu zaidi na mfano wa ninga ni ya Thomas wa Akwino, mwanatheolojia wa karne ya 13. Katika kitabu chake cha kuitetea imani kwa njia ya akili, alieleza kuwa wema wa Mungu ni mkubwa mno kuweza kuakisiwa na kiumbe kimoja, na kwa hiyo viumbe ni vingi na vya namna mbalimbali, ili lile ambalo kimoja hakikuweza kulionyesha lionyeshwe na kingine. Kutokana na hayo alisema kuwa wingi wa aina huongeza wema wa ulimwengu zaidi ya wingi wa watu au wanyama wa aina moja. Hoja hiyo ikichukuliwa jinsi ilivyo, ninga 1,000 wapya katika bonde la Ruvuma, pamoja na kwamba kila mmoja ni mwema, hawalipi pengo la ninga wa Pemba, kwa kuwa wanarudia jambo ambalo tayari limesemwa, ilhali yule wa Pemba alikuwa akisema jambo ambalo hakuna mwingine wa kulisema.

Wengi wanaotetea ndege wa misitu hawaendi njia hii ngumu, bali hutafuta faida: ndege anayekula matunda, husema, hupanda msitu kwa kutawanya mbegu, na kwa hiyo kumlinda ni kujilinda. Hoja hii inafaa kwa hondohondo na kwa popo wanaokula matunda, lakini kwa ninga inayumba, kwa sababu ndege wa jenasi hii wana firigisi yenye misuli mikali na changarawe ndani yake, na mbegu nyingi wanazomeza husagwa humo badala ya kupita salama. Mwenye kujenga thamani ya ninga juu ya huduma anayoitoa msituni huenda akagundua kuwa ametetea mla mbegu kwa sifa ya mpanda mbegu. Thamani inayotegemea faida huisha faida inapokanushwa. Kwa hiyo, ikiwa ninga wa Pemba anastahili kulindwa, sababu yake lazima iwe katika kile alicho, wala si katika kazi anayodhaniwa kuifanya.

Je, kile alicho ni nini hasa, mbali na rangi ya kijivu? Fikra za wenyeji wa uwanda wa Makonde zinasaidia hapa kuliko inavyotarajiwa. Mjerumani Karl Weule, aliyefanya utafiti wa mila Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika simulizi ya asili ya Wamakonde: mtu aliyeishi peke yake alichonga mtini sanamu ya mwanamke, sanamu ikapata uhai na kuwa mkewe, lakini mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa bondeni karibu na maji, hakuishi, wakahama, na wa pili naye hakuishi, wakapanda hadi uwanda wa juu wenye vichaka, na hapo wa tatu akaishi, na kutoka kwake wakatokea Wamakonde. Kwa simulizi hii, watu hawakuumbwa kwanza kisha wakatafutiwa mahali. Mahali penyewe ni sehemu ya kuwa kwao, na mtoto yule yule angezaliwa bondeni kusingekuwa na kabila. Baiolojia ya visiwa hufikia hukumu ya jinsi hiyo kwa njia yake: Pemba imeingia katika kumfanya ninga yule awe yeye, na ninga aliyeletwa kutoka Newala na kuachiliwa Ngezi angekuwa ninga aliyeko Pemba, asiwe ninga wa Pemba.

Kanisa la Masasi nalo lilikutana na swali la namna hii katika maisha ya watu. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1926, alijulikana kwa uamuzi wa kutoifuta jando, yaani mafunzo na ibada za kuwaingiza vijana katika utu uzima, bali kuipa sura ya Kikristo. Wako waliouona uamuzi huo kuwa hatari na wako waliouona kuwa wa busara, lakini msingi wake ni dai kwamba kilicho cha watu wote hakipati utimilifu kwa kukimeza kilicho cha mahali pamoja. Anayelikubali dai hilo kwa mila atahitaji sababu nzito ya kulikataa kwa viumbe.

Mapingamizi makubwa mawili bado yanahitaji jibu. La kwanza husema kuwa anayeumia ni ndege mmoja mmoja, si aina. Njaa ya ninga wa Newala haipungui uchungu kwa sababu ndugu zake ni wengi, na kumtanguliza wa Pemba ni kupendelea jina kuliko uhai. Kuhusu maumivu pingamizi hili lina haki kabisa, na anayemtesa ninga wa bara kwa kisingizio kuwa wako wengi amekosea sawa na anayemtesa wa kisiwani. Lakini maumivu si namna pekee ya hasara. Wamakonde, ambao kwa mila hufuata ukoo wa upande wa mama uitwao litawa, hawasemi kuwa kukatika kwa litawa moja kumefidiwa na kuongezeka kwa nyingine, ingawa idadi ya watu kijijini imebaki ile ile. Walio hai hawakupata jeraha, na bado kitu kimekoma ambacho hakiwezi kuanzishwa upya. Pingamizi la pili husema kuwa tofauti ni ya daraja, kwamba ninga wa bara nao wamegawanywa katika matawi zaidi ya kumi, na kwamba akilindwa wa Pemba itabidi kulinda kila bonde. Jibu ni kwamba matawi ya bara hayajakatika, kwa kuwa damu hupita kutoka bonde hadi bonde na kilichopungua hapa huweza kurejeshwa kutoka kule. Kisiwani hakuna pa kurejeshea. Wajibu huongezeka kadiri uwezekano wa kurejesha unavyopungua, na kipimo hicho hakihitaji mstari mkali kati ya spishi na tawi.

Swali la nani abebe wajibu huo ni la haki, nalo lisipojibiwa hoja zote za hapo juu hugeuka mzigo juu ya maskini. Misitu ya Pemba haikukatwa na mkulima wa leo peke yake. Mikarafuu ilienezwa katika karne ya 19 chini ya utawala wa masultani wa ukoo wa Busaidi kwa kazi ya watumwa, na baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangamiza mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki kuwa shamba kuu la dunia la zao hilo. Kumwambia mwenye mikarafuu michache aache kukata mti kwa ajili ya ninga, bila kumpa chochote, ni kumdai yeye deni lililokopwa na wengine. Habari za popo wa Pemba zinaonyesha kuwa njia nyingine ipo: mnyama huyu, ambaye naye hapatikani pengine, alikuwa amebaki kwa idadi ndogo sana mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini vijiji kama Kidike vilipoamua kulinda miti anayolala na kunufaika na wageni wanaokuja kumwona, idadi yake ilipanda hadi kupita 20,000.

Kwa msomaji wa Masasi na Newala inaweza kuonekana kuwa shauri hili ni la Pemba, na kwamba yeye aliye na ninga wengi hana sehemu ndani yake. Lakini wingi ni hukumu inayotegemea jinsi watu walivyochunguza. Wilhelm Bornhardt, mwanajiolojia aliyezunguka nchi hii katika miaka ya 1890, aliiita milima ya mawe ya namna ya Masasi milima-visiwa, na kwa viumbe wasioweza kuivuka tambarare kavu, misitu ya nyanda zilizoinuka za kusini-mashariki huwa visiwa kwa maana kamili. Katika uwanda wa Rondo, jirani na uwanda wa Makonde upande wa Lindi, anaishi komba mdogo ambaye hakuelezwa kuwa spishi ya peke yake hadi mwaka 1997. Kabla ya hapo angeweza kuhesabiwa kuwa komba kama komba wengine, na msitu wake kukatwa kwa dhamiri tulivu kwa kuwa komba wako tele. Aliyekuwa na uhakika kuwa hakuna cha pekee huko alikuwa amekosea bila kujua.

Kutokana na hayo, tofauti kati ya ninga wa bara na ninga wa Pemba haimpi mmoja hadhi ya juu kuliko mwingine kwa uzuri, kwa faida wala kwa maumivu; inatofautisha tu wajibu. Mbele ya ninga wa Pemba wajibu ni wa kulinda kinachojulikana kuwa hakina makao mengine, na unawaangukia kwanza wale walionufaika na misitu iliyokatwa. Mbele ya ninga wa Newala wajibu ni wa kutoufanya wingi wake kuwa ruhusa ya kufyeka mikuyu ya bondeni na mabaki ya vichaka vya uwandani kabla ya kujua ni nani mwingine anayeishi humo. Anayeamini kuwa kila jumuiya ya viumbe inajulikana kwa Muumba wake, na asiyeamini hivyo lakini anakubali kuwa historia ya uhai haijirudii, wanaweza kuafikiana katika hayo yote mawili, ingawa kila mmoja atayafikia kwa njia yake.